Mama Inua Shati na Nywele za Marehemu Oyaro

Ni asubuhi ya Jumanne katika bonde la Lambwe, jua limeanza kuuma, na Lorine Akeyo anaingia kwenye boma la kwanza akiwa na mkoba begani na kofia pana kichwani. Hajapiga hodi, wala hana haja. Watoto waliokuwa wakicheza karibu na zizi wanamwona, wanatazamana, kisha kila mmoja anashika njia yake.

"Mama Inua Shati amekuja! Kimbieni!"

Mmoja, ambaye mbio zimemshinda, anajificha nyuma ya mtego wa mbung'o, ule wa kitambaa cha buluu unaoning'inizwa vichakani huku. Kitambaa kinamfunika kichwa na tumbo. Miguu yote miwili imebaki nje.

"Huyu miguu yake iko sawa, nimeshaiona," Lorine anamwambia mama wa boma bila haraka. "Sasa nataka mgongo."

Anamfuata mtoto, anamtekenya, na kabla kicheko hakijaisha shati limeshapanda hadi mabegani. Anatazama kuanzia shingoni hadi kiunoni, anapitisha kidole katikati ya mgongo, kisha anazisimamisha nyayo mbili sambamba na kuzilinganisha. Anashusha shati.

"Enda ucheze, baba. Uko sawa."

Mtoto anaondoka amenuna, kama mtu aliyepekuliwa mpakani Isebania na asipatikane na kitu.

Lorine, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mhudumu wa afya ya jamii. Anatakiwa kuuliza habari za vyoo, maji ya kunywa, chanjo na kina mama wajawazito, na yote hayo huyauliza kwa uaminifu. Posho yake ni shilingi elfu tano kwa mwezi, na pengo linalobaki huzibwa na njugu anazouza sokoni Ndhiwa. Lakini ukitaka kuona macho yake yaking'aa, mtajie mgongo.

"Siku ya harusi ya mpwa wangu alikagua watoto wote wa maua," analalamika mumewe, Nicodemus, ambaye ni fundi wa baiskeli. "Bibi harusi mwenyewe alimponyoka tu kwa sababu zipu ilikataa."

Ugonjwa huo wa migongo aliambukizwa na Sammy Nyangi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye huwafunza wahudumu wa afya wa eneo hilo. Sammy ni Mkuria mpole kutoka upande wa Kehancha, asiyeinua sauti hata akikanyagwa. Katika mafunzo ya siku moja aliwaeleza kwamba wako watoto wachache sana wanaozaliwa na kasoro kwenye kamba ya neva inayoshuka ndani ya uti wa mgongo. Kasoro yenyewe haionekani kwa macho, lakini ngozi iliyo juu yake mara nyingine hutoa habari: shungi la nywele mahali pasipo na nywele, kishimo, uvimbe laini, au doa la ajabu. Baadaye mguu mmoja huanza kubaki nyuma ya mwenzake.

"Niliwaambia ni kitu nadra. Mtu anaweza kufanya kazi hadi astaafu bila kukiona," anakumbuka Sammy. "Wengine walipumua. Lorine akaandika jina langu na namba ya simu."

Kuanzia siku hiyo Sammy hakulala usingizi wa mchana tena. Mtoto wa kwanza kuletwa na Lorine alikuwa na uvimbe mweupe chini ya mgongo, mgumu, usiosogea. Sammy aliuchunguza kwa makini, akachukua pamba yenye maji ya vuguvugu, akaupangusa. Ulikuwa uji uliokauka. Mtoto wa pili alikuwa na doa jeusi lililozua hofu kubwa hadi kaka yake alipokiri habari za rangi ya viatu.

"Watu walinicheka mpaka sokoni," anasema Lorine. "Nikinunua nyanya, mtu ananiuliza kama nimeikagua mgongo. Lakini Sammy aliniambia, 'Madam, wewe lete tu. Afadhali nipanguse uji mwaka mzima kuliko tukose mgongo mmoja.'"

Mgongo huo mmoja ulikuwa kwa Dani Phelesia.

Dani, kama wajukuu wa Waluo wanavyowaita nyanya zao, ni mjane anayeishi si mbali na ua wa mbuga ya Ruma, katika boma lililofagiliwa hadi ardhi inang'aa. Anaishi na mkaza mwanawe, Joyline, na mjukuu wake wa miaka mitano. Mwanawe Bonface, baba wa mtoto, hupakia miwa kwenye malori huko Awendo, Kaunti ya Migori, na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

Msimu wa kupanda wa mwaka jana, Lorine alifika hapo, akaomba kumwona mtoto. Hakulazimika kumkimbiza. Mvulana alisogea mwenyewe akiyumba kidogo, akageuka, akainua shati kwa mkono wake na kusimama wima kama askari wa gwaride. Alikuwa amezoea wageni.

Chini ya mgongo wake, juu kidogo ya makalio, palikuwa na shungi la nywele nyeusi, laini, refu kama kidole. Lilikuwa limechanwa vizuri upande mmoja na kupakwa mafuta hadi linameremeta.

"Huo haukuwa uji," anasema Lorine. "Halafu nikaona kitana kwenye mfuko wa Dani. Hapo nikajua leo kuna kazi."

Dani hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa na fahari. Mjukuu huyo alipozaliwa, alilia hadi majirani wakaja. Wazee wakaanza kumtajia majina ya ndugu waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, wasikie ni nani anayetaka kurudi. Alilia kwa wote. Lilipotajwa jina la Oyaro, marehemu mume wa Dani, akanyamaza kimya. Na walipomgeuza kumwosha wakakuta nywele mgongoni, pale pale marehemu alipokuwa na zake, mjadala ukafungwa: mtoto akaitwa Oyaro.

Tangu siku hiyo boma lilikuwa na mwenyewe. Dani alimwita mjukuu wake "Mzee". Alimpa kiti cha marehemu, na asubuhi alimuuliza amelalaje kabla ya kumuuliza mtu mwingine. Jambo hilo halikuwa la heshima tupu, kwa sababu ndoa ya Dani na marehemu ilikatizwa na kifo kabla ya mambo kadhaa kumalizwa.

"Mzee, ile ng'ombe yangu ya madoa uliuza ukanificha, ulimuuzia nani?" alimuuliza siku hiyo, mbele ya Lorine, huku akimfunga vifungo.

"Mimi sikuuza ng'ombe, Dani," mtoto akajibu. "Mimi nilikuwa nakula ndizi."

"Unaona?" Dani akamgeukia Lorine kwa ushindi. "Jibu ni lile lile. Hata zamani alikuwa anakula."

Lorine akameza kicheko, akaomba kuona miguu. Unyayo wa kulia ulikuwa mdogo kuliko wa kushoto, umejikunja juu, na vidole vimejipinda. Kiatu cha upande huo kilikuwa kimesokomezwa kitambaa ili kisimtoke. Joyline, aliyekuwa akipepeta mahindi, alisema kwa sauti ya chini kwamba mtoto alianza kutembea kwa kuchelewa na kwamba siku hizi anaanguka mara kwa mara.

"Mzee pia alichechemea," Dani akaingilia.

"Alichechemea toka utotoni, Dani?" Lorine akauliza.

"Hapana. Aliangukiwa na boriti wakati wanajenga kanisa."

"Sasa huyu mtoto hajaangukiwa na boriti."

Dani akamtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito wa hesabu. "Ameikumbuka," akasema.

Msomaji asije akafikiri Lorine alitoka hapo akiwadharau. Yeye mwenyewe ana jina la nyanya yake aliyezikwa Rusinga, na kwao husemwa kwamba mkono wake wa kukaanga samaki ni wa marehemu. "Mimi siwezi kumwambia mtu marehemu wake hajarudi," anasema. "Nani amenituma? Mimi nilitumwa kuangalia mgongo."

Kwa hiyo hakubishana. Alimbembeleza Dani, akampeleka mtoto kwa Sammy, ambaye safari hii hakuchukua pamba. Alimgusa mtoto nyayo, akamwomba asimame kwa vidole, akamgonga magoti kwa kinyundo chake kidogo. Kisha akapiga simu kwa daktari wa mifupa anayekuja Migori mjini mara moja kwa mwezi. Daktari huyo alimwona, akasema hapa hakuna kubahatisha, apelekwe Kisumu kwenye mashine kubwa inayoonyesha hadi neva.

Dani alikubali. Alimvalisha mjukuu wake tai ya marehemu, iliyokunjwa na kukunjwa hadi ikatosha.

"Dani, ile ni picha ya ndani ya mgongo," Joyline alijaribu kumweleza.

"Najua. Lakini Mzee hakuwahi kupigwa picha bila tai."

Majibu yalipotoka, familia iliketi mbele ya daktari wa upasuaji wa neva, mama mmoja mwenye miwani na subira. Aliwaonyesha picha. Kamba ya neva, alisema, badala ya kushuka ikiwa moja, ilikuwa imegawanyika njia mbili kwa sehemu fulani, na katikati ya njia hizo palisimama kijimfupa ambacho hakikupaswa kuwepo. Mtoto alizaliwa hivyo. Hakuna aliyemkosea, si mama yake wala mtu mwingine.

"Mmewahi kufunga ng'ombe kwa kamba, kamba ikanaswa kwenye kigingi?" aliwauliza. "Ng'ombe anataka kwenda mbele, kamba imekwama. Huyu mtoto anarefuka kila siku, na kamba yake imekwama hapa. Inavutika. Ndiyo maana mguu unapoteza nguvu, na baadaye kibofu kitasahau kazi yake. Sisi tunataka kuondoa kigingi na kuiachilia kamba. Kilichopotea pengine hakitarudi chote. Lakini tukingoja, atapoteza na hicho kilichobaki."

Joyline alianza kulia. Bonface, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alikunja kofia yake hadi ikawa soseji. Dani alikuwa na swali moja tu.

"Na nywele?"

"Tutazinyoa, Mama. Hatuwezi kupasua bila kunyoa."

Dani aliinuka, akamshika mjukuu mkono, akaaga kwa adabu, akatoka. Walimkuta stendi ameshakata tikiti ya kurudi nyumbani.

Anayeijua desturi ya Waluo hatashangaa. Mume wake alipozikwa, Dani alinyolewa kichwa, kama wajane walivyonyolewa tangu zamani. Kwake wembe ulikuwa neno la mwisho la msiba. "Mimi nilinyolewa kwa sababu amekufa," alimwambia Lorine baadaye. "Amerudi, amekaa na mimi miaka minne, halafu mnataka mumnyoe yeye? Nyar Rusinga, unataka nimzike mara ya pili?"

Lorine, ambaye huitwa hivyo kwa kuwa ni binti wa Rusinga, alichukua mkoba wake akaaga.

Akamgeukia Bonface. Bonface aliapa kwamba yeye ndiye baba, kwamba uamuzi ni wake, na kwamba atampigia mama yake simu aseme naye kiume. Lorine alikuwepo simu ilipoingia. Alisikia upande wa Dani tu, lakini wa Bonface haukuwa mgumu kuukisia, maana ulikuwa na neno moja. "Ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama. Ndiyo."

Wiki zikapita. Sammy alimpa mtoto mazoezi, ambayo Lorine aliyageuza mchezo wa kumfukuza jogoo, lakini kila alipokuja kuwaona, mtoto alikuwa akianguka zaidi na kuinuka polepole zaidi. Jogoo naye alishatambua kwamba hana haja ya kukimbia.

"Joyline alinisindikiza hadi njia kuu," anakumbuka Lorine, na hapa sauti yake inapoteza utani wote. "Akaniambia, 'Dada, huo mguu unaisha nikiuangalia. Na mimi ni mkaza mwana, nitasema nini?' Nilienda nyumbani nikalia. Nicodemus aliniuliza kama nimempata mtoto mwenye mikia miwili."

Lililokuja kuvunja ukaidi wa Dani si hotuba. Lilikuwa godoro.

Siku moja Lorine alikatiza kupitia shamba la mihogo, kwa sababu mbwa wa jirani alikuwa amefunguliwa. Akatokea nyuma ya boma, mahali ambapo mgeni hatarajiwi. Hapo, nyuma ya ghala, palikuwa na godoro dogo limeegemezwa ukutani kukauka. Palikuwa na kaptura kadhaa kwenye kamba. Na palikuwa na Dani mwenyewe, ameinama juu ya beseni, akifua shuka kwa siri huku akitazama huku na huku.

"Nyar Rusinga! Unapita wapi kama mwizi?"

"Nimekwepa mbwa, Dani. Shikamoo. Hilo godoro limefanya nini?"

"Mvua. Paa linavuja."

Wote wawili walitazama juu. Mawingu hayakuwa yameonekana Lambwe kwa muda mrefu, na majani ya mihogo yalikuwa yamekunjamana kwa kiu.

Kumbe mtoto, ambaye alishaacha kulowesha kitanda kama watoto wengine, alikuwa ameanza tena, usiku na mchana. Joyline alitaka kumwambia Lorine, Dani akamkataza. Alikuwa akiamka kabla ya kila mtu, anafua na kuanika nyuma ya ghala.

Lorine alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Anasema hakupanga kusema alichosema. Kilimtoka tu.

"Dani, na hii pia ni ya Mzee?"

Kelele iliyofuata iliwaamsha kuku waliokuwa wakiatamia.

"Mzee gani? Mzee yangu akojoe kitandani? Mzee alikuwa mtu msafi! Hata akitoka kwa matanga amekunywa chang'aa ya kuangusha fahali, alikuwa anatoka nje! Hata wakati wa kufa, hawezi kusimama, alitoka nje! Watu wa hapa wakisikia Oyaro anakojoa kitandani watasema nini? Nimefua usiku na mchana nikificha jina lake, halafu wewe unakuja kuniuliza…"

Akalitazama shuka lililokuwa likimdondoshea maji miguuni.

"Basi hii ni ya nani, Dani?" Lorine akauliza taratibu.

Joyline alikuwa amesikia kelele, akaja, na mtoto nyuma yake akiburuta gari lililotengenezwa kwa mkebe. Kaptura yake ilikuwa imelowa mbele. Maji yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye kile kiatu kilichosokomezwa kitambaa, naye anaendelea kunguruma kama injini.

"Oyaro," Dani akamwita. "Umelowa?"

Mtoto akasimamisha gari. Akajitazama, akajishika, akashangaa. "Eh! Nimelowa," akasema, akatabasamu, kana kwamba mtu mwingine amemfanyia mzaha.

"Hasikii, Mama," Joyline akasema. "Ukimpiga anashangaa. Hajui inatoka saa ngapi."

Dani aliketi chini, kwenye matope ya maji yake ya sabuni. Alimtazama yule mtoto. Lorine anasema hajawahi kumwona mtu akimtazama mjukuu wake namna ile, kama mgeni aliyeingia sasa hivi ambaye hajulikani jina. Kisha akalia, kilio cha mtu mzima, kisicho na aibu.

"Huyu mtoto ana kitu chake mwenyewe," alisema. "Na mimi nimempa kila kitu cha Mzee. Nimempa mpaka ugonjwa."

Jioni hiyo Bonface alipigiwa simu, akajulishwa uamuzi wake. Alisema, "Ndiyo, Mama."

Bima ya afya ilibeba sehemu kubwa ya gharama, na kanisa na ndugu wakachanga iliyosalia. Siku ya upasuaji muuguzi alikuja na mashine ya kunyolea. Dani akamzuia mkono. Joyline akafumba macho, akidhani safari ya stendi inaanza upya. Lakini Dani aliinama tu hadi mdomo wake ukakaribia zile nywele.

"Mzee," akasema kwa Kidholuo, bila kunong'ona, maana marehemu masikio yake hayakuwa mazuri, "hebu kaa kando kidogo, mtoto atibiwe."

Kisha akamwambia muuguzi anyoe, na anyoe vizuri.

Kungoja kulikuwa kurefu. Dani aligombana na mlinzi, akapatana naye, akagundua kwamba mama yake mlinzi anatoka Karungu, akamtafutia mke. Daktari alipotoka, barakoa shingoni, alisema kigingi kimeondolewa na kamba imeachiliwa. Dani alitaka kumkumbatia, lakini miwani ya daktari ilikuwa njiani, wakaishia kushikana mabega.

Sammy anapenda watu waelewe kwamba huo haukuwa mwisho. "Hatukumnunulia mguu mpya," anasema. "Unyayo utabaki mdogo, na atachechemea kidogo. Kazi yetu ni asizidi kupoteza. Tutamfuatilia hadi amalize kukua, kwa sababu kamba inaweza kunaswa tena."

Kwa hiyo kuna mazoezi kila siku, na jogoo amerudishwa kazini, safari hii akikimbia kweli. Kuna soli maalumu ndani ya kiatu, na kile kitambaa kimetupwa. Na kwa saa zilizopangwa, Joyline humtoa mtoto mkojo kwa mpira mwembamba safi, kama alivyofundishwa hospitalini, ili kibofu kisijae na kuharibu figo. Dani naye amejifunza. Hunawa mikono hadi kwenye viwiko, na mtu yeyote atakayepita karibu bila kunawa hufukuzwa, akiwemo pasta.

Lorine, kwa upande wake, amebadilisha mbinu. Amegundua kwamba katika bonde hili macho ya kwanza kuuona mgongo wa mtoto ni ya nyanya anayemwosha, na kwamba nyanya huyo ana mambo mengi ya kutafuta kwenye ngozi hiyo, ila ugonjwa si mojawapo. Sasa huwakusanya akina dani kanisani baada ya ibada, na anataka kuwafikia hadi Ndhiwa, Mbita na kwao Rusinga.

"Siwaambii waache majina," anasema. "Nawaambia, kwanza mgeuze, ukiona kitu niite. Halafu mpe jina lolote unalotaka, hata la gavana."

Mwalimu wake mkuu ni Dani Phelesia. Hasomi kwenye karatasi, haonyeshi picha, na husimama akiwa ameshika kiuno. "Mimi nilipaka ugonjwa mafuta," huwaambia wenzake. "Kila Jumapili. Nyinyi msinifuate." Hapo hakuna anayecheka.

Mwezi uliopita, Jumapili moja, Lorine alikuwa kanisani kwa Dani akisubiri mkutano huo. Pasta alikuwa ameomba waumini wafumbe macho, wanyamaze, wasikilize sauti ya Roho. Kanisa zima likatulia, hata watoto wachanga.

"Dani!" sauti ndogo ikapasua ukimya. "Mkojo unakuja!"

Hakuna aliyefungua macho haraka kama Lorine. Joyline, aliyekuwa kwenye safu ya kwaya, alishika mdomo kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa amesimama juu ya benchi, amejibana magoti, uso umejaa mshangao wa mtu anayesikia kitu mwilini mwake kwa mara ya kwanza. "Unakuja, Dani! Nausikia!"

Dani alipiga kigelegele kilichowatoa popo darini. Alimbeba mjukuu wake kiunoni, akapita katikati ya kanisa mbio, umri umesahaulika, akatoka kwa mlango wa pembeni. Waumini walibaki wakitazamana. Wengine, wakidhani Roho ameshuka, walijibu kigelegele.

Waliporudi, mtoto alikuwa mkavu kabisa. Pasta, aliyemfahamu marehemu na tabia yake ya kukatiza mahubiri, alitabasamu. "Naona Mzee Oyaro bado ana maneno ibadani," akasema, na watu wakacheka.

"Hapana, Pasta," Dani akajibu, akihema, mkono wake juu ya kichwa cha mvulana. "Hiyo ni ya mtoto. Amesikia mwenyewe."

Lorine hajaweza kusimulia sehemu hiyo bila kusimama kidogo na kutafuta kitu kwenye mkoba. Si kila siku anasikia, anaeleza. Siku nyingine anasikia na siku nyingine hasikii, na mpira haujawekwa kabatini. Madaktari hawajaahidi kitu. Lakini mwezi wa kwanza mvulana anaanza shule ya chekechea, na Joyline ameshashona mfuko wa kubebea nguo za kubadilisha.

"Nimekagua migongo mingi, na nitakagua mingine hadi macho yagome," anasema Lorine, akiweka kofia yake sawa kabla ya kuelekea boma linalofuata, ambako tayari kuna watoto wanaokimbia. "Lakini kwa huyu nina ombi moja tu. Siku moja aende shule na suruali moja, ile aliyovaa, na arudi nayo."